Vibuyu vya Dirma na Sifuri za Bwana Margwe

Bado naamka na ukungu. Miguu inashuka kitandani yenyewe, inatafuta viatu vya kazini, nami naifuata nyuma kama mtu anayefuata ndama. Nikifika mlangoni ndipo nakumbuka kwamba nimestaafu, kwamba ofisi ile ya Mbulu mjini ina mwingine wa kuifungua, na kwamba ukungu wote huu sasa ni wangu, naweza kuutazama mpaka uishe.

Kwenye chai ya kuniaga, Neema, mmoja wenu vijana wa ofisi, aliniambia, "Mama Resti, usituandikie vyeo ulivyopanda. Tuandikie yale ambayo ukiondoka yataondoka na wewe." Nimekaa nalo neno hilo mwezi mzima. Vyeo nilipanda viwili tu, kwa hiyo hapo sikuwa na kazi kubwa. Lakini lipo jambo moja ambalo wageni wa ofisi yetu huuliza wakifungua msimbo wetu, yaani maandishi ya programu, kwa mara ya kwanza: kwa nini mahali ambapo watu wengine wameandika sifuri, sisi hatukuandika kitu? Huwa mnawajibu kwamba ndiyo desturi ya ofisi. Ni kweli, lakini desturi hiyo ilianzia kijiji cha Dirma, kwenye ukuta wa nyumba moja ya wafugaji, na ilimgharimu mtu niliyempenda sana.

Nilifika kazini miaka ile soko lilipofunguliwa. Wanunuzi wa ng'ombe walikuwa wanatoka kila upande na malori yao, na wakati huohuo watumishi wa serikali walikuwa wanapunguzwa, majosho yanakauka, yanaota nyasi. Ng'ombe wakawa wanatembea mbali kuliko zamani, na wa kuwaangalia wakawa wachache. Maabara yetu ndogo ya mifugo ilibakiwa na daktari mmoja, dereva mmoja, na chumba chenye kompyuta iliyoachwa na mradi ambao uliisha kabla mwongozo wake haujasomwa. Chumba hicho kilikuwa cha Bwana Margwe.

Bwana Margwe alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya hapo. Alijifunza C, lugha ya kuandikia programu, peke yake, kwa kitabu kimoja kilichopoteza jalada, na aliandika programu nzima ya maabara kwa majina ya Kiswahili. Siku yangu ya kwanza nilimkuta amevaa koti la mvua ndani ya nyumba, kwa sababu paa lilikuwa linavuja juu ya kiti chake, na kiti hakikuweza kusogezwa kwa sababu waya wa kompyuta ulikuwa mfupi.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Endagikot."

"Hapo tu? Basi hutakuwa na sababu ya kuchelewa." Akasogeza koti, akanionyesha benchi. "Keti. Kabla hujagusa kitu, nikufundishe sheria moja."

Sheria ile ndiyo kisa chote hiki, kwa hiyo wale ambao hamwandiki programu, nanyi mnasoma kwa sababu ya kunipenda tu, ngoja niieleze taratibu. Programu hufanya kazi kwa visanduku. Kila kisanduku kina jina, na ndani yake kinakaa kitu kimoja, tuseme namba. Ukitaka kuhesabu ng'ombe wa kijiji, unatengeneza kisanduku unachokiita jumla, na kila ukimwona ng'ombe unaongeza moja. Sasa katika lugha ya C, ukitengeneza kisanduku ndani ya kazi fulani bila kusema kina nini, hakiwi kitupu. Kinaweza kuwa na chochote kilichobaki mahali pale kwenye kumbukumbu ya mashine, kama nyumba ya kupanga ambayo aliyehama hakuifagia.

Hilo lilimpata Bwana Margwe mwaka wake wa kwanza. Alisahau kuandika kwamba jumla inaanza na sifuri, na kitongoji kimoja cha kata ya Daudi kikatoka kwenye printa kikiwa na ng'ombe wengi kuliko wilaya nzima. Karatasi ilifika mezani kwa mkubwa kabla Bwana Margwe hajaiona. Alichekwa mpaka akabadili njia ya kwenda sokoni. Tangu hapo aliweka sheria: kila kisanduku, kiwe cha nini, kianze na sifuri, palepale kinapotengenezwa. *int jumla = 0;* na *int umri = 0;* na *int jibu = 0;*. Sifuri ukurasa kwa ukurasa, zimepangana kushoto kwenye kioo kwa herufi za kijani, kama taa za kijiji kinachoonekana kwa mbali. Nilizipenda. Kwa miaka mingi nami niliziandika, na kila nilipoandika moja nilijisikia nimefunga mlango.

Ninayoyasimulia sasa yalitokea karibu na wakati ule mkoa ulipogawanywa. Tulilala Arusha, tukaamka Manyara. Mafaili yalikuwa yanasafiri kwenda Babati kwa magunia, mihuri ya zamani imekatazwa na mipya haijafika, na sisi tulikuwa tunapima damu ya ng'ombe kwa ajili ya homa ya mapafu. Kila mfugaji aliyetaka kuhamisha ng'ombe alihitaji cheti chetu. Daktari anapima, mimi naingiza, programu inachapa. Kwenye programu, jibu la kila mnyama lilikuwa namba: sifuri maana yake hana ugonjwa, moja maana yake tuna wasiwasi naye, mbili maana yake anao.

Kila asubuhi Mama Elizabeti alituletea maziwa ya chai kutoka Daudi. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe wawili, na ofisi nzima tuliwajua kwa majina. Mwaka ule mmoja alikuwa amekauka na mwingine alikuwa mzee, kwa hiyo kikopo kilikuwa kinakuja kimepungua, na yeye anakuja ameinamisha kichwa kana kwamba ni kosa lake. Lakini alikuwa na tumaini. Marehemu mume wake alikuwa na rafiki huko Dirma, mfugaji anayeitwa Gidahota. Mnajua desturi ya huku: mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote mahali pamoja. Anawagawa kwa marafiki, mmoja hapa, wawili kule, hata kwa watu wa kabila jingine, ili ukame au ugonjwa ukija upande mmoja usiwamalize. Anayepokea anakamua na kutumia samadi, mwenye ng'ombe anabaki na ndama wake na urafiki wake. Gidahota alikuwa amemwahidi Mama Elizabeti mtamba mwenye mimba. Kilichobaki ni cheti.

Cheti tulikichapa. Ng'ombe arobaini wa Gidahota, wote sifuri, wote wazima. Kikapelekwa Dirma na bwana mifugo. Wiki iliyofuata, asubuhi ya ukungu, Gidahota mwenyewe akaingia ofisini akiwa na fimbo, shuka, na karatasi yetu imekunjwa mara nne. Alikuja juu ya lori la ngano na alikuwa na makapi kwenye nywele. Mama Elizabeti alikuwepo, anamimina maziwa.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Mwenye mashine ni yule pale. Mimi namsaidia."

"Basi nawauliza wote. Karatasi hii inasema ng'ombe wangu wote wazima?"

"Ndiyo, mzee. Hongera."

"Usinipe hongera bado." Akaikunjua mezani, akaisawazisha kwa kiganja. "Siku mliyochukua damu, gari lenu lilikwama kwenye korongo. Sanduku la chupa likaanguka. Chupa saba zikapasuka, damu ikaingia kwenye viatu vya dereva. Mimi nilikuwa nasukuma gari, nikaona. Sasa nimetoka Dirma kuuliza: hao saba mliwasomaje? Mlipima viatu?"

Dereva wetu, aliyekuwa anakunywa chai pale mlangoni, aliangalia viatu vyake.

Bwana Margwe alicheka kidogo, kicheko cha mwalimu. "Mzee, labda zilizopasuka zilikuwa za boma jingine."

Nikafungua daftari la daktari. Ng'ombe wa thelathini na nne mpaka wa arobaini, boma la Gidahota: imepasuka, imepasuka, imepasuka, mara saba, kwa mwandiko ulionyooka. Nikafungua kompyuta. Nami nilikuwa nimeingiza vilevile, sampuli zimeharibika. Lakini kwenye cheti: hana ugonjwa, mara saba.

Mama Elizabeti ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua hapaswi kusema. "Lakini si karatasi imesema mzima, baba? Ng'ombe mwenyewe ukimwona si anakula vizuri? Mlete tu."

"Anakula vizuri," Gidahota alisema. "Na mtamba wako ni mmoja wa hao saba. Nikimleta akiwa mgonjwa, atakaa na wale wako wawili zizi moja. Nitakuwa nimekuletea msiba nikiwa nimeushika kamba."

"Na karatasi?"

"Karatasi haikuwepo korongoni, mama. Mimi nilikuwepo."

Alikataa kuondoka na cheti kile. Alikiacha mezani, akanywa chai ya maziwa machache, akasema tukijua tulichofanya tumfuate. Alipotoka, Mama Elizabeti alichukua kikopo chake akaenda bila kutuaga. Ng'ombe wake wawili ndio waliokuwa wakiamuliwa mezani pale, pamoja na wa tatu ambaye alikuwa bado hajamwona.

Bwana Margwe alisema ni mimi niliyekosea kuingiza. Nilimwonyesha kwamba sikukosea. Akasema basi ni umeme, ulikatika siku ile. Umeme wa Mbulu umesingiziwa mengi, na mengi yalikuwa yake, lakini hili halikuwa lake.

Siku mbili baadaye nilikwenda Dirma na daktari kuchukua damu upya. Tulishuka Dongobesh, tukapita upande wa Basotu, na Mlima Hanang ukawa unatembea pamoja nasi mbali kushoto, mara una kofia ya wingu, mara hauna, mpaka nikasinzia na kuuona ndotoni vilevile ulivyokuwa. Wakati daktari yuko zizini, mimi nilibaki nyumbani na mke wa Gidahota, Udanyesha, mama mrefu mwenye maneno machache ya Kiswahili na yote ya maana.

Kwenye ukuta wa nyumba, penye vigingi, vilining'inia vibuyu vinne vya maziwa. Vilikuwa vimefukizwa moshi, vinanukia, na vyote vilikuwa vimeinama, midomo chini. Mimi nimelelewa na vikombe vya plastiki. Nilidhani upepo umevigeuza. Nikataka kusaidia, kama mgeni mwema. Nikavigeuza kimoja kimoja, nikavining'iniza wima, midomo juu, nikaridhika jinsi vilivyopangana vizuri.

Haikupita muda, jirani mmoja alipita na mtoto mgongoni. Akasalimia, akatupa jicho ukutani, akakaa chini. Wakazungumza. Yule jirani hakuondoka. Akazungumza tena, akatazama ukuta tena. Udanyesha naye akageuka kutazama, na nikaona uso wake ukibadilika. Alisimama, akashusha vibuyu vyote vinne, akavitikisa kimoja kimoja mbele ya jirani, vikalia vikavu. Jirani akainuka akaenda zake, naye alikuwa ameona aibu.

"Nani amegeuza?" Udanyesha aliniuliza.

"Mimi, mama. Nilidhani nasaidia."

"Kibuyu kikitazama juu, kina maziwa. Kikitazama chini, bado hakijatiwa kitu. Mtoto anajua, mgeni anajua, hata mlevi anajua." Alivirudisha kwenye vigingi, midomo chini, polepole. "Yule alikuja na mtoto mwenye njaa. Ameona maziwa ukutani na mimi simpi. Umenifanya mchoyo nyumbani kwangu."

Niliomba radhi. Kisha akacheka, akanipiga begani kwa mkono wenye bangili. "Watu wa mjini. Mnaogopa kitu kitupu."

Safari ya kurudi sikusinzia. Nilikuwa navitazama vile vibuyu vinne vikiwa vimening'inia mbele ya kioo cha gari, juu ya vumbi, na kila kimoja kilikuwa na jina kwa herufi za kijani. Kimoja kiliitwa jumla. Kingine kiliitwa jibu. Na tangu nianze kazi, mimi na Bwana Margwe tulikuwa tumevigeuza vyote midomo juu.

Nikawahi ofisini nikafungua sehemu ile inayoamua jibu la mnyama. Juu kabisa: *int jibu = 0;*. Chini yake njia mbili. Ikiwa sampuli ni nzima, soma kipimo, weka jibu. Ikiwa sampuli imeharibika, andika kwenye kumbukumbu kwamba imeharibika. Basi. Njia ya pili haikuweka jibu lolote. Aliyeandika alisahau, na alisahau kwa usalama kabisa, kwa sababu sifuri ilikuwa tayari imekaa ndani ya kisanduku ikimngoja. Na sifuri kwetu ilikuwa na maana. Ilimaanisha mzima.

Nilimweleza Bwana Margwe. Alisikiliza akiwa amevua miwani.

"Kwa hiyo tuongeze mstari mmoja pale," alisema. "Imekwisha."

"Tutauongeza. Lakini kuna kurasa ngapi za sifuri, baba? Tutajuaje wapi kwingine tumesahau? Mimi nataka nizitoe."

"Zote?"

"Zile ambazo hazina kazi. Jumla nitaiacha, jumla lazima ianze na sifuri, ndiyo hesabu yenyewe. Lakini kisanduku ambacho kitawekewa kitu mbele kabla ya kutumika, sifuri yake ya kwanza ni ya nini? Haisomwi na mtu. Na siku ambayo itasomwa, ndiyo siku tuliyosahau."

"Ukizitoa, takataka zitarudi. Mimi nilichekwa, Resti. Wewe hukuwepo."

"Zikirudi tutaziona. Kompaila itatuambia kabla ya programu kufanya kazi. Inaweza kufuata njia zote ikaona kisanduku kinachosomwa kabla hakijawekewa kitu. Sisi ndio tulioiziba macho, kwa sababu kila kisanduku kilikuwa na kitu."

Alivaa koti lake la mvua, ingawa paa lilikuwa limezibwa zamani, akakaa kwenye benchi langu. Kwa hiyo mimi nilikaa kwenye kiti chake.

Nilianza na faili lile moja. Nilitoa sifuri moja moja, kila nikitoa nafuata kisanduku kwa kidole mpaka pale kinapotumika, kuhakikisha kwamba si cha kuhesabia. Msifanye haraka kazi hii, hata leo. Faili moja, kisha jenga, kisha jaribu, kisha faili jingine. Nilipomaliza nikaamuru kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, ijenge na ionyeshe maonyo yote.

Haikusema kitu.

"Umeona?" Bwana Margwe alisema kutoka kwenye benchi, na sikusikia ushindi katika sauti yake, nilisikia ahueni. "Hakuna."

Nusura niamini. Kisha nikakumbuka ukurasa mmoja wa ule mwongozo wa mradi, ambao nadhani ni mimi peke yangu niliyewahi kuufikia, kwa sababu ulikuwa umeshikana na mwenzake kwa maji ya paa. Ulisema onyo la aina hii halitolewi mpaka uiambie kompaila pia ikuboreshee msimbo uende kasi, kwa maana ni katika kazi hiyo ndipo inapofuata njia za visanduku. Siku hizi kompaila zenu zinaona zaidi, na bado haziwezi kuona yote, lakini ile yetu ilihitaji kuombwa mara mbili. Nikaongeza ombi hilo kwenye amri. Nikabonyeza. Mashine ikakaa kimya muda ambao ungetosha kuchemsha chai, kisha mistari mitatu ikapanda kwenye kioo.

Jibu: huenda linatumika kabla ya kupewa thamani.

Mstari wa pili ulikuwa wa kisanduku kingine ambacho hakikuwa na hatari. Kompaila ilishindwa tu kuelewa njia yetu, na niliipanga upya njia hiyo ikaelewa. Angalieni hapo, vijana. Onyo likiwa la bure, kishawishi ni kulinyamazisha kwa kurudisha sifuri. Usirudishe. Nyosha njia. Mstari wa tatu ulikuwa jibu tena, kwenye sehemu ya ng'ombe waliopimwa mara ya pili.

Bwana Margwe alikuja akasimama nyuma yangu. Alisoma ile mistari mitatu kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko wake.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu tulipoongeza sampuli zilizoharibika."

Ilikuwa imepita misimu miwili ya mvua. Tulishusha madaftari yote ya daktari tukatafuta kila palipoandikwa imepasuka, imeganda, imeoza. Kila mmoja wa wanyama hao alikuwa na cheti chetu kinachosema mzima. Hawakuwa wengi, lakini walikuwa na majina, na maboma, na wengine walikuwa Endagikot, kwa majirani wa mama yangu.

Mkubwa alisema tutume barua kupitia watendaji wa vijiji. Bwana Margwe alisema hapana. Alichukua orodha, akaikunja mara nne kama Gidahota alivyoikunja karatasi ile, akaanza kwenda mwenyewe, kwa miguu palipo karibu, kwa lori palipo mbali. Kila nyumba aliingia akasalimia, akakaa, akasema, "Cheti hiki kinasema tulimpima mnyama huyu. Hatukumpima. Aliyeandika programu ni mimi." Baadaye niliambiwa na watu waliomwona. Wengine walimfukuza. Mzee mmoja alimpa asali. Yeye mwenyewe hakunisimulia hata siku moja, isipokuwa alirudi na viatu vimeisha, akaketi kwenye kiti chake, akatoa sifuri zilizobaki, faili baada ya faili, kwa mkono wake. Sikumsaidia. Niliona si zangu kuzitoa.

Kwenye ile njia ya sampuli zilizoharibika tuliweka jibu jipya, tisa, na tisa ilichapwa kwa neno moja: HAIJAPIMWA. Majibu ya Dirma yalikuwa hayajatoka, kwa hiyo nilimpelekea Gidahota cheti kipya kikiwa na neno hilo mara saba. Nilidhani atakasirika kwa kutembezwa bure. Alimwomba bwana mifugo amsomee mstari kwa mstari, na bwana mifugo aliniletea jibu lake: "Sasa karatasi imesema haijui. Karatasi ya namna hii naweza kuiamini."

Siku kumi na moja baadaye daktari alimaliza kupima. Watano kati ya saba walikuwa wazima. Wawili walikuwa na homa ya mapafu, na mmoja wao alikuwa yule mtamba wa kahawia, mwenye mimba, aliyekuwa anakula vizuri.

Mimi ndiye niliyemwambia Mama Elizabeti. Alikuwa ameshika kikopo chake kwa mikono miwili. Akasema, "Na mimi nilimwambia amlete tu," akamimina maziwa yaliyokuwepo, akaenda. Boma lote la Gidahota likawekwa karantini. Ahadi ya mtamba haikuvunjwa, ila hakuna aliyeweza kusema itatimia lini. Kikopo kikaendelea kupungua mpaka asubuhi moja hakikuja kabisa, na ofisi nzima tukanywa chai ya rangi bila kulalamika.

Bwana Margwe alistaafu mwaka uliofuata. Alinipa kiti, ambacho kwa wakati huo kiliweza kusogezwa kwa sababu waya mrefu ulishapatikana, na kile kitabu kisicho na jalada. Hakuniachia hotuba. Aliniambia tu, "Resti, usiwaambie wanaokuja kwamba nilikuwa mjinga." Nimetimiza. Alikuwa mtu aliyeumwa mara moja akajikinga na yote, na wengi wetu tumeandika programu kwa namna hiyo, na wengine tumeishi hivyo. Sifuri zake zilianza kwa sababu ya kweli. Kazi yenu mkikutana na sifuri ya mtu ni kuuliza kwanza ilimkinga na nini, ndipo muitoe.

Miaka iliyofuata ilikuwa mirefu na ya kawaida, na siwachoshi. Kompyuta zilibadilika, simu zikaja, msimbo wa Bwana Margwe tukauhamisha mara tatu, na kila mara niliwafundisha mliokuja: tengeneza kisanduku karibu na mahali utakapokitia kitu, kama huna cha kukitia, kiache kionekane hakina, na maonyo yakiwa yamewashwa, mashine itakulinda kuliko sifuri. Mlidhani ni ukali wangu. Nilikuwa namwona Udanyesha akivirudisha vibuyu kwenye vigingi.

Lakini nimeruka jambo moja ili nilimalizie hapa. Miezi mingi baada ya karantini, Bwana Margwe akiwa bado hajastaafu, tulikuwa na kazi Daudi, naye akaniambia tupitie kwa Mama Elizabeti. Hatukuwa na habari zake. Kwenye njia ya kupanda aliniuliza mara mbili tutamwambia nini, na mara zote mbili nilisema sijui. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mahindi, tukawa tunasikia nyumba kabla ya kuziona.

Tulifika uani. Hapakuwa na mtu, mlango umerudishwa tu. Kando ya mlango palikuwa na msumari, na kwenye msumari kilining'inia kibuyu ambacho si cha huku, cheusi kwa moshi, chenye ushanga wa kina Udanyesha shingoni. Desturi yao ng'ombe akienda kwa rafiki huenda na kibuyu chake.

Bwana Margwe alitaka kupiga hodi. Nilimshika mkono nikamwonyesha. Kibuyu kilikuwa kinatazama juu.